Aliyeahidi Kushusha Ziwa

Gatini, Homa Bay
19 Mei 1964

Kwa ndugu yangu Cephas,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Jedidah na watoto, kila mmoja kwa jina lake, hata yule mdogo ambaye sijamwona lakini naambiwa ana masikio yako. Pole kwake. Habari za huko Magadi? Macho yako yamepona yale magadi ya kazini, ama bado unayafikicha kama ulivyoniandikia? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Gesare anakusalimu sana. Mguu wangu huuma mvua ikikaribia, na kwa kuwa mwaka huu mvua haikutaka kuondoka, mguu nao haukupata likizo. Mama yako yuko hai, anakula vizuri na bado anaimba jikoni. Nimeanza na hilo ili usiisome barua hii huku umesimama.

Barua zako mbili nilizipata. Unasema Desemba mnarudi nyote, kazi ya Magadi basi, na Mzee Nashon akushikilie ile sehemu ya kilimani mpaka ufike kufungua boma. Sikujibu. Nilijiambia nitajibu kesho, na kesho hiyo ikawa miezi mitatu. Wewe unanijua, omera, ndugu yangu, mimi si mvivu wa kuandika. Tulipokuwa mgodini ni mimi niliyekuwa nikiwaandikia wenzetu wote barua za kuomba wake. Basi jua kwamba kukaa kimya kwangu kulikuwa na sababu, na leo nitakuambia.

Nianze na lenyewe. Boma la marehemu baba yako pale Sindo liko chini ya maji, nyumba imeanguka, na kaburi halionekani. Ile sehemu ya kilimani nayo ina mtu mwingine, amejenga na mahindi yake yamefika magotini. Mama anakaa hapa kwangu gatini tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo ukishuka melini leo, ndugu yangu, huna mahali pa kuingia pa kuitwa kwako. Sasa nikueleze ilivyokuwa, usije ukaambiwa na watu wa njiani.

Ulipokuja likizo mwaka jana mwezi wa nne, uliyaona maji mwenyewe. Ile mvua iliyoanza mwaka wa sitini na moja ilikuwa imelijaza ziwa mpaka likafika kizingiti cha nyumba. Ukamtoa Mama, ukampeleka kwa Mzee Nashon, mume wa shangazi yako, kule chini ya milima ya Gwassi. Nashon akakubali kukupa ardhi ya ukoo wake, lakini akasema atakungoja wewe mwenyewe uje na jogoo, shoka na moto, kwa sababu mjane hafungui boma peke yake. Nyinyi Wajaluo mna sheria zenu, na sisi Wakuria tuna zetu, na hiyo niliielewa. Nilielewa pia kwa nini Mama alilia. Alisema hakuolewa akazaa na akazika mume, ili uzeeni aitwe jadak, mtu wa kukaa kwenye ardhi ya wenyewe. Ulinishika bega hapa gatini kabla hujapanda meli, ukasema, "Nchagwa, macho yako ndiyo yangu. Asishuke mpaka nirudi." Nikakubali. Ni nani angekataa? Mama huyu alinilaza nyumbani kwake miezi miwili nguzo ya mgodi iliponivunja mguu, akanilisha uji kwa mkono wake, mimi mtoto wa kabila lingine.

Wewe ulipoondoka tu, siasa zikaja. Ulikuwa mwaka wa kura, kama unavyokumbuka, na kiti cha Baraza la Jimbo cha upande wetu kilikuwa na watu wa chama wawili waliojulikana na wazee wote. Wa tatu hakujulikana na mtu. Jina lake Nicodemus, mtu wa bara, wa kutoka juu huko karibu na Migori, ambaye mtumbwi ukitikisika kidogo hushika kingo zote mbili na kufumba macho. Hakuwa na chama. Hakuwa na ukoo ziwani. Alikuwa na koti la kijivu, baiskeli, na miaka minane aliyofanya kazi ya zege kule Jinja, kwenye lile bwawa la umeme.

Wale wa chama walizungumza habari za uhuru na katiba na shule. Walizungumza vizuri. Nicodemus alizungumza jambo moja tu, maji. Alisema mvua ni uongo, mvua ipo siku zote. Alisema ziwa limefungiwa Jinja ili watu wapate umeme wa kupikia chai, na kwamba wakubwa wa Kisumu na Nairobi wanajua na wamenyamaza. Kisha alikuwa akiinua mikono yake, ambayo kweli imeharibiwa na saruji, anasema, "Lango lile nililimwagia zege kwa mikono hii. Nichagueni nikalifungue." Mkutano wa kwanza pale Sindo walimcheka. Mtu mmoja alimwuliza kama ufunguo anao mfukoni. Mkutano wa pili hawakucheka sana, kwa sababu safari hii alikuja na hesabu ya siku. Alisema wakimchagua, ndani ya siku arobaini tangu kura kuhesabiwa maji yataanza kurudi nyuma, na yasiporudi wamfunge jiwe wamtupe ziwani. Siku hizo alizitoa wapi, nitafika huko.

Akashinda, tena kwa kura nyingi. Watu waliokuwa wamehamia vilimani walishuka kwa miguu kumpigia kura, na Mama alikuwa mmoja wao. Baada ya wiki mbili akapanda meli kwenda Jinja, watu wakamsindikiza na ngoma. Na mwezi wa saba, omera, maji yakaanza kushuka. Usinitazame hivyo. Yalishuka. Wavuvi wanajua ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, lakini kwa miaka miwili walikuwa wameliona likipanda tu, wakaona utaratibu wa zamani umekufa. Sasa wakaona matope ya mashamba yao. Pale Sindo pwani ni tambarare, maji yakishuka inchi chache unapata hatua hamsini za ardhi. Wanawake waliimba. Watoto watatu waliozaliwa wiki zile waliitwa Nicodemus, na mmoja ni msichana.

Lazima nimtendee haki. Yeye mwenyewe aliniambia yaliyompata Jinja, siku aliyorudi, tumekaa hapa gatini juu ya magunia ya dagaa. Soja wa bwawa hakumruhusu hata kuingia. Akamtafuta nyapara wake wa zamani, na huyo akamwambia kwamba lango halijafungwa. Linapitisha maji yaleyale yaliyokuwa yakipita kwenye maporomoko kabla ya bwawa, si zaidi wala si pungufu. Nicodemus aliniapia kwamba katika meli alikuwa akipanga maneno ya kuwaomba watu radhi. Akafika, akakuta wanawake wamejaa gati wanamwimbia. Akasema, "Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Aliwapungia mkono. Na sitasema hakufanya lolote. Ile shule iliyohamishwa juu aliipigania mpaka ikapata mabati, jambo ambalo wale wa chama walikuwa wakiliahidi tangu zamani za mkoloni. Lakini hakuna aliyemsifu kwa mabati. Walimsifu kwa ziwa.

Mwezi wa nane Mama akashuka. Sikumzuia. Nilikwenda kumwona Jumapili moja, nikamkuta amefagia ua wote, amepanda viazi vitamu, na amechomeka minyaa mipya pale ua wa zamani ulipooza. Alikuwa akiparua matope kaburini kwa kipande cha kibuyu. Aliniambia mume wake amerudi kutoka safarini. Alicheka mpaka nikaona yale mapengo yake. Sijamwona na furaha kama ile, na nasema kweli nilifurahi naye.

Mwezi wa tisa akampelekea Mzee Nashon habari kwamba mwanawe hahitaji tena ardhi ya watu, na kwamba anashukuru. Nashon ni mtu mwangalifu. Hakufanya haraka. Lakini mwisho wa mwezi alimpa sehemu ile Fanuel, mkwe wake, ambaye boma lake lilikuwa limezama upande wa Karungu. Fanuel akajenga. Huna haki ya kumlaumu, wala mimi sina.

Mvua za Novemba zikaja. Uhuru ukaja, tukacheza, na maji yakawa yanapanda huku tunacheza. Mwezi wa pili yalikuwa yamefika pale ulipoyaacha wewe, na wa tatu yakapita. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kidole leo na kidole kesho, ukuta unakunywa maji kwa chini mpaka unakuwa uji. Mama alikataa kutoka. Alihamisha kitanda upande wa juu, akapandisha jiko juu ya mawe, akasema mheshimiwa ameshaambiwa na atakwenda tena Jinja. Tarehe kumi na nne mwezi wa nne ukuta wa mbele ulilala. Nilipata habari kwa wavuvi, nikaenda na mtumbwi mpaka mlangoni kwenu, nikamkuta amekaa juu ya meza na Biblia na kuku wawili. Jembe na sufuria kubwa zilibaki humo. Nimemleta hapa.

Nicodemus naye amezunguka tena. Safari hii anasema Kampala wamefunga lango kwa hila baada ya yeye kulifungua, na kwamba anahitaji kupewa nguvu zaidi, apelekwe mpaka Nairobi. Ungedhani watu wangemtupa ziwani na lile jiwe lake. Aa! Wanamwamini kuliko mwanzo. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, lakini ya huyu ina zaidi ya mwaka na bado anatembea.

Sasa, Cephas, kaa chini. Najua unaloniuliza. Nchagwa, wewe ulikuwa wapi?

Unajua kazi yangu. Kila siku saa mbili asubuhi nasoma ubao wa kupimia maji uliopigiliwa kwenye nguzo ya gati, naandika kitabuni. Ubao wa kwanza ulizama, tukapigilia wa pili juu yake, na huo wa pili sasa umebakisha mistari minne. Vitabu vya miaka ya nyuma vimo kabatini, na mimi nimevisoma vyote kwa sababu sina kazi nyingine ya kufanya mchana. Vinasema jambo moja. Maji hupanda mpaka mwezi wa tano au wa sita, kisha hushuka kidogo mpaka wa kumi, halafu hupanda tena. Hata mwaka wa sitini na mbili yalishuka, ila kidogo mno, watu hawakuona.

Nicodemus alikuja hapa baada ya kuchekwa Sindo. Alikuwa amechoka, suruali imelowa. Akaniuliza ninachofanya, nikamwonyesha. Siku zile, ndugu yangu, ng'ombe walikuwa wakiibwa sana mpakani, na kila Mkuria akawa mwizi hata kama hana kamba. Hapa gatini watu walikuwa wameanza kuuliza kwa sauti Mkuria anafanya nini kwenye kazi ya Homa Bay wakati vijana wa hapa wanazurura. Nilikuwa naogopa. Gesare alikuwa mjamzito. Na mguu huu hauwezi kurudi mgodini. Nicodemus akasema yeye pia ni mgeni hapa, na akishinda hakuna atakayenigusa. Basi nikafungua kabati, nikamwonyesha vitabu. Akaniuliza kama maji yatashuka, nikasema yatashuka. Akauliza lini. Nikahesabu kwa vidole nikamwambia, siku arobaini baada ya kura hutakosa. Zile siku ni zangu mimi. Hakuzitoa Jinja wala mbinguni.

Alipoziita jukwaani nilikuwa nimesimama nyuma ya watu. Nilijua anauza kitu ambacho kingekuja bure. Nikapiga makofi pamoja nao.

Na kuna baya zaidi. Mzee Nashon hakumpa Fanuel ardhi yako kwa pupa. Alikuja kwanza hapa Homa Bay, alitembea siku nzima, akakaa kwenye kiti changu, akaniuliza, "Wewe ndiye unayesoma maji. Yatarudi?" Kitabu kilikuwa wazi mezani. Ningeweza kumgeuzia ukurasa tu. Lakini ningesema yatarudi, ningekuwa nimemwita mheshimiwa mwongo, na yeye ndiye aliyekuwa kivuli changu. Nikasema, "Yamekwenda, mzee." Akanishukuru. Nikampa chai.

Ahadi moja tu ya Nicodemus ilitimia kamili, nayo ni ile aliyonipa mimi. Hakuna aliyenigusa. Bado nina kazi. Boma lako ndilo nililolipa kwa kazi hii, na nimeishi na jambo hilo kila asubuhi nikiinama kusoma ule ubao. Sikuombi unisamehe katika barua, kwa kuwa kwenye barua ni rahisi.

Tangu Mama aje, kila ninapotoka kusoma ubao hunisubiri mlangoni aniulize yamefikaje. Na kila siku nilimwambia yameshuka kidogo, huku yakipanda. Juzi Jumapili niliona nimechoka na uongo. Tulipotoka kanisani alikaa nje anachambua maharagwe, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yote. Vitabu, siku arobaini, Nashon, soja wa Jinja, yote, wala sikujificha popote. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kutoa mawe, kisha akanishika kichwa kama alivyonishika nilipokuwa na homa ya mguu, akasema, "Nyathina, mwanangu, umechoka. Mwaka jana alisema siku arobaini, na mimi nikarudi kwangu. Wewe ni msomaji wa ubao. Yeye ndiye aliyelijenga lango."

Nikamwapia. Akasema nisiape Jumapili.

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini, omera. Kwa sababu mwisho wa mwezi wa sita maji yataanza kushuka kweli, kitabu kinasema hivyo, na Nicodemus ametangaza tena siku zake zinazoangukia hapohapo. Atakuwa mkweli na mimi mwongo. Mama ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa na kuziweka kando ya mlango. Matope yakionekana tu atarudi Sindo, na Gesare hataweza kumzuia, na mimi ndiyo kabisa. Mvua za Novemba zitamkuta huko tena, bila hata ukuta wa kusimama.

Kwa hiyo usingoje Desemba. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa mkubwa wako wa kazi ukaombe ruhusa, ufike kabla ya mwisho wa Juni. Jana nilipata lori la samaki la kwenda na kurudi mpaka kwa Mzee Nashon, nikamwambia na yeye ukweli. Hakunipa chai. Lakini alisema kuna kipande kingine juu zaidi, kidogo na kina mawe, na atakupa wewe, si mjumbe, ukija na jogoo na shoka. Mama atamfuata mwanawe akimfungulia boma. Hilo hawezi kulikataa. Mimi nitabeba mawe, mguu au si mguu. Ukifika na hutaki kunipa mkono, nitaelewa, nitabeba hivyohivyo.

Wasalimie wote wa huko wanaonijua. Mungu awalinde njiani, na mtoto asitoe kichwa nje ya gari moshi. Nimemwuliza Mama kama ana neno la kuongeza kabla sijafunga. Anasema anawabariki wote, na ukija umletee jembe jipya, maana lake lilibaki Sindo na shamba la chini litakuwa wazi hivi karibuni.

Ni mimi ndugu yako,
Nchagwa